Bunduki ya muzee, macho ya muzee: kuweka vilengeo bila kutoboa chuma

Wengi wenu mnanijua hapa kwa mambo ya mihogo, mbolea na magonjwa ya mahindi. Leo naandika juu ya bunduki. Musikimbie. Sio bunduki ya vita wala ya siasa. Ni bunduki ya kuwinda, ya zamani sana, yenye karatasi zake, na swali lililonifikia juu yake lilikuwa swali la vipimo. Njo maana walimwita agronome.

Mwaka niliomaliza licence nilikaa miezi kadhaa kwa shamba moja la mahindi, Haut-Katanga, safari ya kutwa nzima kutoka Lubumbashi wakati barabara iko na vumbi, na wakati wa mvua Mungu njo anajua. Mwenye shamba ni muzee wa karibu miaka 70. Baba yake alikuwa kapita kwa Mbelgiji, na Mbelgiji alipofunga virago mwaka 1960 alimwachia vitu vitatu: mashine ya kusaga, baiskeli na bunduki. Mashine ilikufa. Baiskeli iliibiwa. Bunduki ilibaki, na kila utawala uliopita muzee alienda kufanya upya kibali chake. Nilikiona mwenyewe, kimefungwa ndani ya plastiki pamoja na cheti chake cha ubatizo.

Ni Mauser, ya kiwanda cha Oberndorf kule Ujerumani, ya kabla ya Vita Kuu ya pili, na inatumia risasi ya 9.3x62. Hii risasi iko na historia inayotuhusu. Aliitengeneza fundi wa Berlin, Otto Bock, mwaka 1905, akiwafikiria wawindaji na walowezi waliokuwa wanakuja huku Afrika. Walitaka bunduki moja ya bei nafuu, inayotosha swala na inayotosha nyati. Bock hakubuni bunduki mpya: alitafuta risasi kubwa inayoingia ndani ya Mauser ya mwaka 1898 jinsi ilivyo, bila kubadilisha mashine. Kichwa cha risasi ya kawaida kina uzito wa karibu gramu 18.5. Ukishika moja mukononi unaelewa sababu nyati anaisikia.

Sasa shida. Nguruwe wa pori, sisi kwetu tunasema ngulube, walikuwa wanaingia ndani ya mahindi na kuangusha mistari mizima. Muzee alikuwa na kibali cha kuwinda, lakini alikuwa ameacha kupiga. Akaniambia siku moja, bunduki iko juu ya magoti yake: «Mwanangu, hii chuma haina mukosi. Macho yangu njo inakataa. Nikiangalia hapa nyuma naona paka moshi.»

Mutoto wake wa kiume alikuwa na jibu tayari. Kuna fundi mjini, ana mashine ya kutoboa chuma, anaweza kufunga darubini. Fundi mwenyewe alikuja siku ya Mungu, akaangalia, akasema: «Tutatobola matundu ine hapa juu, tunaweka visi, saa mbili inaisha.» Muzee akaniangalia. Mimi sikuwa najua bunduki. Nilikuwa najua jalon.

Wale waliosoma agronomia wanakumbuka kazi za topografia. Unasimika jalon ya kwanza, ya pili, ya tatu, unafunga jicho moja, na zikifichana ujue mustari umenyooka. Bunduki ya zamani ni kitu kilekile. Nyuma, juu ya mtutu, kuna kibati kidogo chenye kipengele cha V: hausse. Mbele kabisa, karibu na mdomo, kuna punje ndogo ya chuma: guidon. Ya tatu ni mnyama. Ukiweka punje ndani ya V na V juu ya mnyama, umefanya jalon tatu. Humu nitaita vile viwili vya bunduki vilengeo, cha nyuma na cha mbele.

Tofauti na shambani ni kwamba jalon tatu za bunduki haziko mbali kwa namna moja. Kilengeo cha nyuma kiko nusu mita kutoka kwenye jicho, cha mbele kiko karibu mita moja, na ngulube yuko mita 50. Jicho haliwezi kuona vitu vitatu hivyo vizuri kwa wakati mmoja. Jicho la kijana linadanganya: linaruka haraka kutoka kimoja kwenda kingine mpaka unafikiri unaviona vyote. Baada ya miaka 40 hivi, lenzi iliyo ndani ya jicho inaanza kuwa ngumu, haijikunji tena vizuri kwa vitu vya karibu, na cha kwanza kupotea ni kile kipengele cha nyuma. Huo njo moshi wa muzee. Na miwani yake ya kusomea haimsaidii, juu ile inaona vizuri kwa umbali wa Biblia tu. Akiivaa, punje inakuwa wingu na ngulube anakuwa kichaka.

Kwa hiyo mutoto wake hakukosea kabisa. Darubini inaondoa shida hiyo kwa kweli, maana inaweka alama ya kulenga na mnyama kwenye picha moja. Nilichokataa mimi ni tundu.

Nieleze sababu, maana wenzangu wengi walinicheka: chuma ni chuma, tundu ni tundu, kuna nini?

Sehemu ambayo fundi alitaka kutoboa ni lile boksi la chuma ambalo bolti inatembea ndani yake. Mbele ya boksi kuna pete nene. Ndani ya pete ile, meno mawili makubwa ya bolti yanajifunga kila unapopakia, na ndiyo yanayozuia mulipuko usirudi usoni kwako. Kwa 9.3x62 kipimo cha juu kinachokubaliwa Ulaya ni bar 3,900. Tairi la lori linakaa kwenye bar 8 hivi. Mafundi wenye ujuzi wanatoboa pete hiyo, ndiyo, na viwanda vilikuja kuitoboa vyenyewe baadaye; lakini wanajua ni wapi, kwa kina gani, na wanajua kwamba Mauser ya zamani ilitiwa ugumu kwenye ngozi ya juu tu, ndani ikaachwa laini ili isipasuke. Mashine ya fundi wetu, ile ya kutobolea vyuma vya milango, ingeteleza juu ya ngozi ngumu, halafu ingezama ghafla kwenye chuma laini. Tundu la kwanza lingekaa upande. Angejaribu la pili.

Mbaya kuliko kutoboa ni kuchomelea, na fundi alipoona nasitasita alilitaja pia: «Basi tunasudea.» Hapo nilisimama. Kuunganisha kwa fedha kunadai moto wa zaidi ya digrii 600, na arc ya soudure inapita hapo mbali sana. Moto wa namna hiyo unafuta ule ugumu waliouweka kiwandani. Bunduki itaonekana kama zamani, itapiga siku ya kwanza kama zamani. Siku ambayo haitapiga kama zamani hutaijua mbele ya wakati.

Halafu kuna jambo la karatasi. Chuma cha bunduki ya zamani kimeandikwa: namba, alama ya kiwanda, alama za wakaguzi walioijaribu kwa baruti nyingi kuliko kawaida kabla haijauzwa. Ukienda Liège, kule Ubelgiji, nyumba ya kujaribu bunduki iko tangu 1672, na kila nchi yenye viwanda hivyo ina alama zake. Kibali cha muzee kinataja namba ile. Kwetu, ordonnance-loi namba 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985 njo inaongoza silaha na risasi, na sheria namba 82-002 ya tarehe 28 Mei 1982 inaongoza uwindaji. Mutu mwenye bunduki ambayo alama zake zimekwaruzwa, barabarani, kwenye kizuizi, usiku: sihitaji kuwachorea picha. Na hata tukiacha polisi, watu wanaokusanya Mauser za Oberndorf huko Ulaya na Marekani wanaangalia kwanza kama kuna tundu ambalo kiwanda hakikulitoboa. Likiwepo, bei inaanguka, na hakuna visi itakayoirudisha. Muzee hakuwa anauza. Lakini mutoto wake, au mjukuu, nani anajua?

Basi tukaanza upya na swali lingine: nini kinaweza kuwekwa na kutolewa, bunduki ibaki kama baba yake alivyoipokea?

Nilisoma usiku kwenye simu, kwa megabaiti zangu mwenyewe, na nikakuta kwamba swali hili ni la zamani kuliko Kongo yenyewe. William Lyman, Mumarekani wa Connecticut, alipata hati ya ubunifu mwaka 1879 kwa kilengeo cha nyuma chenye tundu, kinachosimama kwenye mkia wa chuma nyuma kabisa, karibu na jicho. Badala ya V unaangalia ndani ya pete ndogo. Huhitaji kuona pete vizuri. Iwe moshi, si kitu. Jicho lenyewe linatafuta katikati ya pete, mahali penye mwangaza mwingi, na wewe unaangalia punje na mnyama tu. Jalon tatu zimekuwa mbili. Ndio maana Winchester nyingi za 1894 za miaka ya mwanzo zilitoka kiwandani na tundu kwenye mkia ule, limefungwa kwa visi ya kuziba tu. Mwenye bunduki ya namna hiyo anafungua visi, anaweka kilengeo, na siku akichoka anarudisha visi. Hakuna aliyeharibu kitu.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuangalia, sio kutoboa. Tuliondoa risasi, tukatoa bolti nje, tukaweka bunduki kwenye mukeka penye jua, nikapiga picha pande zote na simu. Nilitafuta visi yoyote isiyo na kazi. Nilitafuta misingi ya chuma juu ya boksi, maana bunduki nyingi za Ulaya ziliuzwa na misingi ya makucha ya darubini tayari, na mwenye bahati anatafuta tu pete zinazolingana nayo. Kwa muzee hakukuwa na kitu. Boksi safi, laini, na alama zake.

Zipo njia nyingine za Mauser. Kuna vilengeo vya tundu vilivyotengenezwa vikae mahali pa kile kizuizi cha bolti upande wa kushoto, ambacho kinashikwa na visi moja tu: unatoa cha zamani, unaweka kipya, unatunza cha zamani. Ningekuwa na pesa na njia ya kuagiza kwa halali, ningechagua hicho bila kufikiri mara mbili. Kuna pia vile vilivyokaa juu ya kipande cha nyuma cha bolti yenyewe, vya kizamani, vizuri kwa kuangalia. Rigby wa London aliviweka kwenye bunduki zake. Hicho sikukipenda. Kipande kile kinatembea ukifyatua, kina ulegevu kidogo, na kukibadilisha ni kugusa mambo ya kifyatuo na usalama. Anayegusa hapo awe fundi wa bunduki kweli, sio mutu wa jalon.

Na kuna darubini ya mbele. Wajerumani waliifanya kwenye vita ya pili: darubini ndogo ya ZF41, inayokuza mara 1.5, ilikaa juu ya msingi wa kilengeo cha nyuma, mbali na jicho, boksi la bunduki halikuguswa. Miaka ya 1980 Mumarekani Jeff Cooper aliitangaza tena kwa wawindaji. Faida yake ni kwamba haikugongi. Darubini ya kawaida inataka jicho liwe sentimita 8 au 9 nyuma yake, na 9.3x62 inarudi kwa nguvu. Wawindaji wengi wana kovu la mwezi mwandamo juu ya nyusi. Lakini msingi wa bunduki ya muzee ni mwembamba, haungebeba. Tukaacha.

(Nifungue mabano kidogo. Mskoti W.D.M. Bell aliua tembo zaidi ya 1,000 Karamoja na kule Lado, ambako Léopold II alitawala mpaka alipokufa na eneo likarudi Sudan mwaka 1910. Alitumia sana Mauser ndogo ya Rigby yenye risasi ya 7x57, na vilengeo vya kawaida. Simsifu, tunajua tembo wamebaki wangapi. Nasema tu kwamba darubini sio ile inayofanya mutu apige vizuri. Macho yake na utulivu wake njo vilifanya. Macho muzee hana, kwa hiyo turudi.)

Siku ya tatu nikakumbuka darasani. Mutoto asiyeona ubao vizuri anafanya nini? Anafinya macho. Anapunguza mulango wa mwanga, na maandishi yanatokea. Simu inafanya vile, kamera inafanya vile, na pete ya Lyman inafanya vile kidogo. Sasa, nani alisema pete lazima ikae juu ya bunduki?

Nilichukua skochi nyeusi ya umeme, kipande cha ukubwa wa kucha, nikatoboa katikati kwa msumari wa moto, tundu la milimita 2 hivi. Muzee akavaa miwani yake ya kuona mbali, akaweka shavu kwenye kitako kama anapiga, na mimi nikabandika skochi kwenye kioo cha kulia, mahali hasa ambapo jicho lake lilikuwa linapita. Mahali hapo si katikati ya kioo. Ukiwa umelaza kichwa unapita juu, karibu na pua. Ukibandika katikati utasema dawa haifanyi kazi.

Alinyamaza. Halafu akasema: «Eh. Ile mbele imerudi.»

Punje ilikuwa imerudi, na mti wa mwembe nyuma yake pia. V ya nyuma ilikuwa bado na ukungu, lakini aliiona. Bei: skochi tulikuwa nayo. Wapiga shabaha wa mashindano wananunua kifaa kinachofanya kazi hiyohiyo, kinachong'ang'ania kioo cha miwani na kufunguka na kufunga kama mboni. Na mwenye kuweza kufika kwa daktari wa macho anaweza kuomba lenzi ya kuona mbali iliyoongezwa +0.50 au +0.75 kwa jicho la kulengea. Hiyo inaleta punje karibu bila kumpoteza mnyama. Hivi vyote vinakaa juu ya mutu. Bunduki haijui kitu.

Lakini kila tundu dogo linakula mwanga, na ngulube hawaji saa sita mchana. Wanakuja jua likizama. Tulijaribu jioni: saa kumi na moja na nusu aliona, saa kumi na mbili skochi ilikuwa ukuta mweusi. Kwa hiyo ilibidi kusaidia pia V yenyewe, ili jioni aweze kutoa miwani ya skochi na bado alenge.

Hapo njo fundi alirudi kwenye kazi, na nilifurahi, juu alikuwa amenuna. Kibati cha nyuma cha muzee kilikuwa na V nyembamba na yenye kina, nzuri kwa kijana, mbaya kwa mzee. Waingereza waliotengeneza bunduki za Afrika na India walipenda V pana, iliyolala kama bonde, na mustari mweupe unaosimama katikati. V pana haidai jicho lione kingo zake. Punje inalala chini ya bonde, juu ya mustari. Haipigi mbali kwa usahihi mukubwa, na sisi hatukutaka mbali. Tulitaka mita 50.

Kibati hakikuwa kimeunganishwa na moto. Kilikaa ndani ya mfereji uliokatwa kukingama, mpana chini na mwembamba juu, kama seremala anavyofunga droo. Kinatoka kwa kugongwa pembeni. Desturi ni kukitoa kutoka kushoto kwenda kulia, ukiwa umeshika bunduki kama unapiga, na kurudisha kutoka kulia kwenda kushoto. Kabla ya kugonga, nilichora mustari wa penseli unaovuka kibati na msingi wake, ili siku ya kukirudisha kirudi mahali pake. Hatukugonga kwa chuma. Fundi alikata kijiti cha shaba ya njano, laini kuliko bunduki, na nyundo ikapiga shaba. Mafuta kidogo usiku kucha, asubuhi kikatoka kwa mapigo matatu.

Fundi akapima kwa pied à coulisse na akachonga kibati kipya kutoka bati la chuma laini. Kanuni niliyompa ilikuwa moja, na niliirudia mpaka akachoka na mimi: tupa inagusa kipya tu. Kikikaza, unapunguza kipya. Kikilegea, huubani mfereji. Unakata ukanda wa kopo la soda, unene wake ni kama milimita 0.1, unaweka chini. Na V, nikamwambia, usiikate mpaka mwisho. Acha chuma kimo cha juu. Chuma utakipunguza kesho, kukirudisha hutaweza.

Sababu ni hii. Kilengeo cha nyuma kinapeleka risasi kule kinakokwenda chenyewe: ukikipandisha, risasi inapanda, ukikisogeza kulia, inaenda kulia. Cha mbele kinafanya kinyume. Kwa hiyo kibati kirefu kupita kiasi kitapiga juu, na utakishusha kidogokidogo mpaka risasi ifike. Wengi wanashusha kwa kukwangua punje ya mbele badala yake, wanakosea upande, na punje ya miaka 90 imekwisha.

Punje ya muzee hatukuigusa kwa tupa. Binti yake alileta rangi nyeupe ya kucha, tone moja kwa ncha ya njiti. Inatoka na acetone.

Risasi zilikuwa tano tu. Muzee alikuwa anazihesabu kama mbegu za msimu wa njaa. Tulipata ruhusa ya mukubwa wa kijiji, tukachagua mahali penye kichuguu kikubwa nyuma, tukapima mita 50 kwa dekameta yangu, tukaweka karatoni. Bunduki ililala juu ya gunia la pumba. Muzee alipiga tatu, polepole, na skochi yake, akipumzika katikati. Zilikaa karibukaribu, ungezifunika kwa kiganja. Katikati yake ilikuwa sentimita 7 juu na sentimita 3 kushoto ya alama.

Hesabu ni ya pembetatu zinazofanana, ya mwaka wa tatu secondaire. Umbali kati ya vilengeo viwili, mara kosa, gawa kwa umbali wa shabaha. Kati ya vilengeo nilipima sentimita 46. Mita 50 ni sentimita 5,000. Kwa urefu: 46 mara 7 gawa kwa 5,000, jibu ni sentimita 0.064, yaani milimita 0.64. Kwa upande: 46 mara 3 gawa kwa 5,000, karibu milimita 0.28. Angalieni udogo wa namba hizi. Robo ya milimita huku ni vidole viwili kule, na mita 100 ni vidole vinne. Ndio maana nasema mutu anayeshika tupa kwa kukisia anatupa risasi za watu. (Na hapa utaona uzuri mwingine wa pete ya Lyman: ikikaa nyuma juu ya boksi, umbali kati ya vilengeo unapita sentimita 70, na kosa lilelile la mukono linazaa kosa dogo zaidi kwenye karatoni.)

Fundi alishusha V, akipima kila mara, akasimama kwenye 0.6. Akagonga kibati kidogo kuelekea kulia, tukisoma kwenye mustari wa penseli. Akakwaruza mustari mweupe katikati ya bonde na kuujaza rangi ya kucha. Muzee akapiga ya nne. Ilikaa vidole viwili kutoka kwenye alama. Mutoto wake alitaka apige ya tano ili kuhakikisha. Muzee akafungua bolti, akaitoa ile ya tano, akaiweka mfukoni mwa shati.

Nisiwadanganye: ngulube hawakuisha. Miezi niliyokaa pale alipiga mara moja tu, jioni, bila skochi, na nilisikia mlio mmoja. Kazi kubwa ya kuwazuia ilikuwa ukuta wa miti tuliojenga upande wa mto, na hiyo ni makala nyingine. Jioni nyingine alinyanyua bunduki, akaiangalia punje nyeupe, akaona haionekani, akaishusha na kurudi nyumbani. Mutoto wake alisema darubini ingeona. Inawezekana. Bado wanabishana.

Kibati cha zamani kimepakwa grisi, kimefungwa kwa kitambaa, kimo ndani ya bahasha pamoja na kibali na cheti cha ubatizo. Juu ya bahasha muzee aliandika: ya baba.

Fundi tulikutana tena mjini mwaka uliofuata, kwenye atelie yake. Yeye pia amepita miaka 50. Alikuwa ameinama juu ya pied à coulisse, anajaribu kusoma mistari yake midogo, na kwenye kioo cha kulia cha miwani yake alikuwa amebandika kipande cha skochi nyeusi chenye tundu.